Ada ya Mtani

Kazi yangu ni kuwatayarishia wafanyabiashara hesabu za kodi, na ofisi yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ninayopanga hapa Mtwara mjini. Ada ya duka dogo ni elfu hamsini. Nimeiandika ukutani kwa wino mwekundu, na chini yake nimeongeza: Hapa si sokoni. Sijapata mteja hata mmoja aliyeuheshimu ukuta ule. Fundi mmoja wa Madimba hunibembeleza nimpunguzie kodi yenyewe, utadhani huwa naipanga mimi na mke wangu tukiwa mezani.

Bingwa wao wote, hata hivyo, ni mama mmoja wa Mikindani, muuza vitenge. Yeye ni Myao, mimi Mngoni wa Songea, kwa hiyo ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukusema atakavyo bila wewe kununa. Kila Machi alikuwa anaingia na mfuko uliojaa risiti, anaubwaga mezani, anautazama ukuta, anacheka.

"Elfu ishirini, mtani."

"Hamsini, mama."

"Hamsini ya nini? Babu zenu walituvamia kwa mikuki, wewe umekuja kutumalizia na kikokotoo!"

Mama yangu mzazi, niliyekuwa naishi naye tangu baba afariki, alikuwa na kiti chake karibu na mlango wa ofisi. Asubuhi nyingi alisinzia hapo, rozari mkononi. Ila mama wa Mikindani akiingia tu, usingizi ulikwisha. Mama aliisukuma miwani yake juu kwa kidole cha shahada, akafuatilia mabishano yetu kwa raha zote, kisha akanisaliti, mwaka baada ya mwaka: "Mpunguzie bwana, mtani huyo!"

Nilikasirika kwelikweli. Nilimwambia mama kwamba mwenye nyumba wetu si mtani wangu, na yeye hapunguzi. Sikushuka hata shilingi. Mteja alilipa huku akinung'unika, mama akampoza kwa chai ya tangawizi, wakakaa wakinisengenya mbele yangu.

Mwaka jana, msimu wa korosho, mama alifariki. Ndugu walifika kutoka Songea, nyumba ikajaa, na mimi nikawa mkavu. Sikulia, wala sikuwa na la kusema na mtu.

Siku ya mazishi tukabeba jeneza kulitoa nje. Getini tukamkuta mama wa Mikindani, amekaa katikati ya njia juu ya kiti cha mama, amejifunga kitenge cha mama na kuvaa miwani yake.

"Hapiti mtu," alisema. "Ada yangu elfu hamsini."

Watani ndivyo wanavyofanya msibani, nilijua hilo. Nisilolitegemea ni sauti yangu mwenyewe: "Ishirini."

"Huusomi ukuta wako? Hapa si sokoni!"

Waombolezaji wakaangua kicheko. Naye akaisukuma ile miwani juu kwa kidole cha shahada, akabadilisha sauti, ikawa sauti ya mama kabisa: "Mpunguzie bwana, mtani huyo!"

Nikacheka mpaka nikalia, na nilipoanza kulia sikuweza kuacha. Alinishushia mpaka thelathini, akazipokea, akazitumbukiza kwenye kikapu cha rambirambi, akatupisha.

Machi hii amekuja tena. Aliuweka mfuko mezani taratibu. Ukuta hakuutazama. Alihesabu elfu hamsini kamili, akanisogezea.

"Pole, mwanangu," alisema kwa upole. "Mwaka huu nisikusumbue."

Mwanangu, si mtani. Kiti kilikuwa palepale karibu na mlango, kitupu, na hela ile iliniuma kuliko rambirambi zote nilizopewa. Nikamrudishia.

"Sipokei, mama."

"Kwa nini? Si ndiyo bei yako?"

"Ndiyo bei yangu. Lakini anza na ishirini."

Alinitazama, akakitazama kiti. Akazikusanya noti zake, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Kisha akakohoa kidogo, akapaza sauti ili hata aliyesinzia mlangoni asikie.

"Kumi na tano!" alisema. "Na chai juu yake."