Samurai Aliyeitwa Okoth

Mtu akigonga maikrofoni kwa kidole kabla ya kusema, tu, tu, tu, mimi hushika ukingo wa kiti. Inaweza kuwa harusini, inaweza kuwa kanisani siku ya mavuno, hata mkutano wa wazazi shuleni. Mwili wangu haubagui. Wenzangu wanasubiri hotuba, mimi nasubiri kuambiwa nani amekufa. Mume wangu alishazoea. Siku hizi hunipa mkono tu na kuendelea kutazama mbele. Ngojeni niwaeleze ilivyoanza, na tafadhali msinicheke kabla sijafika mwisho.

Tulikaa Nyalenda, mtaa wa karibu na ziwa, nyumba ya tatu kutoka kwenye banda la video. Banda lenyewe lilikuwa la mabati, na ndani kuta zilizibwa kwa magunia ya sukari ili mwanga usipenye. Jumamosi mchana kulinuka jasho na njugu za kukaanga, na jua likipiga juu, magunia yalitoa utamu uliooza ambao hadi leo nikiupata dukani nageuka kutazama nyuma. Tuliketi kwenye mbao zilizopangwa juu ya matofali. Mbele ilikuwa televisheni, na kando yake, juu ya kreti ya soda, aliketi Odera na maiki yake.

Odera alikuwa mtafsiri wa filamu. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nzito isiyolingana na kifua chake, na Kijapani hakujua hata cha kuombea maji. Alichofanya ni kuitazama filamu peke yake siku ya Ijumaa, akisoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha na kuandika mambo kwenye daftari, halafu Jumamosi anatusimulia juu ya sauti za wenyewe. Watu hawakuja kuona filamu. Walikuja kumsikia Odera, kwa sababu aliwapa wapiganaji majina ya majirani. Mwizi wa farasi angeitwa jina la muuza mkaa wetu, malkia angeitwa Mama Atis wa mandazi, na Mama Atis angetembea kwa madaha wiki nzima. Watu wazima na akili zao walimsimamisha njiani kumwomba wawekwe kwenye filamu ijayo.

Tena tulikuwa tunaitikia. Jambo kubwa likitokea, Odera aligonga maiki mara tatu, akalitamka, na banda zima likarudia neno la mwisho. "Wamefika." Wamefika! "Mlango umevunjika." Umevunjika! Tuliitikia bila kufikiri, jinsi mtu anavyosema amina.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya samurai, ya zamani, nyeusi na nyeupe, yenye mikwaruzo iliyoifanya ionekane imepigwa mvua mwanzo hadi mwisho. Wapiganaji wanne wanamtorosha mtoto wa bwana wao aliyeuawa, na mbele yao kuna mto mpana. Mmoja wao anauma upanga kwa meno, anafunga kamba kiunoni, anaogelea hadi ng'ambo ili wenzake wapite. Huyo Odera alimwita Okoth, jina la baba yangu, kwa sababu baba alikuwa mvuvi wa ufuko wa Dunga na aliogelea vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Katika filamu hiyo Okoth anafika ng'ambo. Anapanda ukingoni, anakamua nywele, na sisi tunapiga makofi hadi mabati yanalia. Niliiona labda mara kumi. Nilikuwa darasa la nne, na kwa miezi kadhaa sikuitwa Akinyi, niliitwa mtoto wa samurai, na sikukataa.

Halafu ikaja mpya. Wajapani walikuwa wameitengeneza upya hadithi ile ile, sasa kwa rangi, na damu nyekundu mlemle ulimokuwa wino mweusi. Tangazo lilibandikwa mlangoni wiki nzima. Ijumaa yake stima ilipotea tangu asubuhi, Odera hakuweza kuitazama. Watu wakamwuliza kama ataahirisha. Akacheka, akasema hadithi hii anaijua kuliko njia ya kwao, samurai ni wale wale, mto ni ule ule. Jumamosi stima ikarudi, banda likajaa hadi watoto wakakaa miguuni mwa wakubwa.

Ilianza vizuri. Lakini ilikuwa kimya kuliko ya zamani, kimya cha kukufanya umsikie jirani yako akitafuna. Mbingu yake ilikuwa ya kijivu muda wote. Okoth akauma upanga. Okoth akaingia majini. Odera alikuwa ameshanogewa, anamsifu, anasema huyu maji ya Dunga yanamwamkia shikamoo, watu wanacheka. Mshale mmoja ukatoka msituni, kitu ambacho hakikuwamo katika ile ya kwanza, ukamwingia shingoni. Maji yakabadilika rangi. Mkono wake ukabaki juu peke yake kidogo, ukazama.

Nadhani mdomo wa Odera ulimtangulia. Kidole kilishagonga mara tatu. "Okoth amekwenda," alisema.

Na sisi tukaitikia. Amekwenda!

Mimi pia niliitikia. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikimaliza baada ya za wengine, maana watu wazima walikuwa wameshang'amua na kunyamaza. Odera akajaribu kuokoa mambo, akasema amepiga mbizi tu, atatokea mbele, ni ujanja wa samurai. Hakutokea. Filamu iliisha na wale wengine watatu wakiitazama kamba iliyolegea. Watu walitoka bila kuangaliana, na mlangoni Odera akatuomba tusiyapeleke maneno haya nyumbani. Nikakimbia hadi nyumbani nikayasema yote nikiwa bado mlangoni.

Baba alikuwa anakunja nyavu kwenda kuzitega. Alicheka, akaniambia hata yeye angependa kumwona huyo Mjapani aliyefanana naye. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita Dani, hakucheka. Kwetu mtu mzima hatamki kifo juu ya aliye hai, hata kwa utani, na mvuvi ndiye wa mwisho kutaniwa hivyo. Dani aliniuliza jambo moja tu, kama jina liliitikiwa. Nikasema ndiyo. Akauliza ni watu wangapi. Nikasema wote. Akaenda akakaa mlangoni na miguu yake akaivusha hadi mwimo wa pili, na baba, mwanamume wa futi sita, hangeweza kumruka mama yake. Hakwenda ziwani siku hiyo.

Hakwenda Jumapili wala Jumatatu. Mwanzoni alijifanya anatii ili mama yake atulie. Kufikia Jumatano niliona ameanza kusikiliza. Upepo ukitikisa mabati alinyanyua kichwa. Alikwenda hadi Dunga kuiangalia mashua yake, akarudi akasema magugu yameziba njia yote ya kutokea, na namna alivyolisema nilijua amefurahi kuwa na sababu. Tulikula sukuma wiki na ugali, kisha ugali na chumvi. Hakuna aliyetaja filamu. Mimi nililala nikiisikia ile amekwenda yangu iliyochelewa, nikaamini kabisa kwamba wengine wangesamehewa ila mimi nimemwua baba.

Alhamisi Odera alikuja. Dani alimwona akiwa mbali, akasimama kumzuia.

"Mama, ni sinema tu," Odera alisema. Hakumtazama machoni.

"Sinema gani inajua jina ya mtoto yangu?" Dani akamjibu. "Wewe ndiye uliweka hiyo jina kwa maji. Wewe utaitoa."

Odera akasema Jumamosi ataionyesha tena, na Dani awaambie watu waje wote. Dani akaniambia mimi niende, tena nikae mbele.

Jumamosi banda lilijaa lakini hakuna aliyenunua njugu. Odera alisimulia polepole, bila utani. Samurai wa mtoni alipotokea mara ya kwanza, akigonga matope kwenye viatu vyake, Odera alisimamisha picha, akagonga maiki mara tatu, akasema, "Huyu si Okoth. Huyu anaitwa Odera. Mtoto ya Mfangano." Alilitaja na jina la baba yake, na la babu yake, kama mtu anayejitambulisha ugenini. Mtu mmoja nyuma alicheka, akaishia katikati.

Tulipofika mtoni nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Jasho lilimtiririka kutoka sikioni hadi kwenye ukosi. Mshale ukaja. Mkono ukazama. Akagonga mara tatu.

"Odera amekwenda."

Hakuna aliyefungua mdomo. Unajua watu walivyo. Kosa la kwanza walilifanya bila kujua, la pili hawakulitaka. Odera akageuka kututazama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Itikieni, tafadhali."

Nikaitikia mimi. Amekwenda! Nilipaza sauti kwa nguvu zangu zote, kwa furaha, nimesimama juu ya ubao, kwa sababu nilikuwa namtaka baba yangu arudishwe. Nyuma yangu banda likafuata. Odera akanitazama na kunipa tabasamu dogo, nami nikadhani nimefanya vizuri.

Jumatatu Dani alisogeza miguu yake mlangoni, baba akaenda ziwani. Aliporudi asubuhi sikumwona akija moja kwa moja nyumbani. Alipita kwanza kwa Odera, akagonga bati la mlango mara tatu, akasema, "Nimerudi." Ndani sauti ikajibu, "Sawa." Ikawa hivyo kila siku aliyotoka majini, miaka nenda miaka rudi, mvua isimzuie. Nilikuwa na wivu kidogo. Nilijiuliza ni rafiki gani huyu anayesalimiwa kabla ya watoto.

Odera hakutafsiri tena filamu ya samurai, na baadaye simu zikaua mabanda yote, akawa fundi wa redio. Nilipoingia kidato cha kwanza mama yake alifariki kwao Mfangano, kisiwa ambacho hukifikii ila kwa boti kutoka Mbita. Mtaa mzima ulichanga na kwenda. Waliorudi walileta hadithi: Odera alifika Mbita, akashuka kwenye gari, akasimama ufukweni. Boti ya kwanza ikajaa, akasema atapanda ya pili. Ya pili ikaja, akasema kichwa kinamuuma. Mama yake akazikwa ng'ambo, naye amesimama kati ya wauza omena akitazama maji. Aliyemwaga kaburini ule udongo unaopaswa kumwagwa na mwana alikuwa baba yangu. Alipoulizwa anamwaga kwa niaba ya nani, alisema anamwaga kwa jina la Odera.

Mtaa haukumsamehe. Mwana asiyemzika mama yake, nani atamwita kwenye kikao? Watoto walimwimbia wakipita mlangoni kwake. Mimi nami, kwa werevu wa msichana wa sekondari, nikasema mezani kwamba samurai mwenyewe ameogopa maji. Baba aliweka kijiko chini. Hakunipiga, lakini sijawahi kumwona vile. Alisema, "Funga mdomo. Hujui unasema nini." Na kweli sikujua.

Odera amefariki mwaka huu, kitandani, kwa ini. Nilipopata habari nilimtumia pole mkewe na kumfuata baba hadi Mbita, maana magoti yake yameisha na hapaswi kusafiri peke yake. Jeneza lilipakiwa boti ya mbao saa tano asubuhi. Ziwa halikuwa zuri. Wingu lilikuwa limelala chini upande wa Mfangano, na nahodha alikuwa akisema na injini yake maneno ambayo sikuyapenda. Tulipofika katikati, mawimbi yakaanza kupiga ubavuni, maji yakaingia, kinamama wakaacha kuimba. Baba alikuwa amekaa sakafuni kwenye maji, mkono mmoja juu ya jeneza, ameukaza hadi vidole vikawa vyeupe kwenye kucha. Nikamwambia atakuja kuumwa, asogee akae kwenye ubao.

"Hakupanda boti tena tangu ile sinema," alisema. "Hata kwa mama yake."

"Sinema gani?" niliuliza, na kabla hajajibu nilikuwa nimeshajua.

Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini ulikuwa ujanja, mtu mzima anabadilisha jina katika filamu ili kumtuliza bibi kizee. Kumbe Odera aliamini, pengine kuliko Dani mwenyewe. Alikichukua kile kifo kutoka kwa baba mbele ya watu wote, akakibeba, akakaa nacho mbali na maji hadi kikamgharimu kaburi la mama yake na jina lake mtaani, na hakumweleza mtu. Na mtoto aliyesimama juu ya ubao akamgongea muhuri alikuwa mimi. Nililia, sikulia kama mgeni wa msibani.

Nahodha alitupitisha. Boti ilipogusa mchanga wa Mfangano hakuna aliyeshuka mara moja, tulikuwa bado tumeshika kingo. Baba aliinama juu ya jeneza, akaligonga kwa kidole mara tatu.

"Odera," alisema, "tumefika."

Watu walitazamana, wengi wao vijana ambao hawakuwahi kuingia kwenye banda lile na hawakujua kinachotakiwa. Nilijipangusa uso, nikaitikia, safari hii kwa sauti ya chini.

"Tumefika."