Kupe wa Ghorofa ya Tatu

Zamani kupe alijua kwamba mahali pake ni kwenye sikio la ng'ombe, lakini siku hizi amepanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, na watu wa huko hawamjui hata kwa sura.

Mzee mmoja, waliyemwita Josho, alimjua. Miaka thelathini na moja alisimama kwenye josho la serikali, akiswaga ng'ombe waogelee katika birika la dawa, na kabla hawajaingia alimkagua kila mmoja kwa mkono: sikio, kwapa, chini ya mkia. Josho lilipofungwa na kuota majani, binti yake na mumewe walimchukua wakaishi naye mjini, ghorofa ya tatu.

Sasa binti huyo alikuwa kitandani siku ya sita, mwili unawaka, kichwa kinamgonga. Zahanati ilishampa dawa ya malaria mara mbili. Daktari alitazama kompyuta, akaandika, hakumgusa hata paji la uso.

"Hiyo si malaria," Josho alimwambia mkwewe sebuleni. "Nyumba hii ina kupe."

Mkwe aliweka kikombe chini. Tangu kiwanda kimpunguze alikuwa akila jasho la mkewe, na majirani walishamtupia neno hilo hilo ngazini.

"Hata wewe, mzee? Kumbe mimi ni kupe?"

"Nasema mdudu!"

"Basi mdudu ndiye mimi. Na wewe unayekula hapa hapa, tukuiteje?"

"Mimi kupe mzee, nimekubali. Lakini ninayemsema ana miguu minane. Mkeo anaanika nguo kwenye nyasi kule nyuma, wanakolala mbwa. Mkague mwili."

"Mkague wewe, ndiye fundi."

Ng'ombe mia mbili Josho angewamaliza kabla ya chai, ila si binti yake, mtu mzima.

"Mimi ni baba yake," alisema polepole. "Kazi hiyo ni yako. Nakuomba, mwanangu."

Mkwe aliingia chumbani. Josho alibaki nje, uso ameuelekeza ukutani, akipaza sauti kama enzi zile alipofundisha vibarua.

"Nyuma ya masikio!"

"Hamna."

"Kwapani! Usitazame tu, papasa!"

"Sasa mzee, mke wangu ng'ombe?"

"Ng'ombe asingebishana. Haya, pale nguo inapobana kiunoni."

Kisha: "Kuna kakidonda. Keusi, kama mtu kazimia sigara."

"Hapo ndipo kupe alipouma. Mpeleke zahanati. Wakikataa kutazama, usitoke."

Mkwe hakutoka. Aliziba mlango wa daktari mpaka yule bwana akainuka kitini, akavaa miwani, akatazama. Dawa ikabadilishwa. Siku ya tatu binti aliomba chai, akamtania mumewe: "Kumbe nimeolewa na bwana mifugo!"

Lakini lile la "unayekula hapa hapa" lilimkaa Josho kooni. Kabla ya mwezi kuisha alifunga mfuko wake, akasema amekumbuka kwake. Binti alimsihi, wapi.

Walimsindikiza hadi getini. Alipogeuka, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona, walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya chini, nguo zilizoanuliwa zimerundikwa kando. Mkwe alikuwa akimpapasa mkewe nyuma ya masikio kwa vidole viwili, polepole, kama alivyoelekezwa. Josho alitaka kupaza sauti awakumbushe kwapa, akajizuia.