Kabureta ya Boti ya Mjomba

Nikisikia harufu ya petroli, namwona baba uani kwetu Msasani, ile ya huku milimani, ukungu umeshuka, injini ya boti imefungwa kwenye pipa la maji. Mjomba aliipandisha kutoka ziwani ili baba, fundi wa pikipiki, aifungie kabureta nyingine.

"Boti huku milimani!" mama alimcheka kaka yake. "Mtavua migomba?"

Injini ilitoa moshi mweusi. Baba akakaza skrubu ya mafuta taratibu, kichwa amekiinamisha, mpaka moshi ukaisha na injini ikanguruma laini.

"Ndaga, shemeji," mjomba alishukuru. "Sasa hata upepo siogopi."

Akaishusha ziwani. Ilimzimikia katikati ya mawimbi. Boti ilipatikana, yeye hapana.

Msibani alikuja fundi wa kule ufukweni aliyeikagua injini. Hakujua nani aliifunga ile kabureta.

"Huku juu hewa ni nyepesi, injini hutaka mafuta kidogo," alieleza. "Kule chini ilibidi skrubu ilegezwe tena. Nusu mzunguko."

Mama alikuwa akimimina chai. Akaacha.

"Nusu tu?" baba aliuliza.

"Nusu tu, mzee."