Bakuli la Kunde Lililorudi Tupu

Thomu ikipondwa pamoja na kotimiri mbichi, harufu yake haikomei puani. Leo asubuhi ilinikuta nimesimama jikoni kwangu hapa Jadida, Wete, miguu imevimba, mchi mkononi, ikanikalisha kitako juu ya mbuzi ya kukunia nazi kama mtu aliyesukumwa.

Nimechoka, sifichi. Kwa anijuaye, hilo si neno dogo. Mimi ndiye niliyetoka kijijini Wambaa na mkoba mmoja wa ukili, nikavuka bahari, nikaosha masufuria ya hoteli za bara mpaka nikafika kuwasimamia wanaoyaosha. Nilisoma baada ya kazi, macho yakinifumba, na diploma yangu ya upishi nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Sikubebwa na mjomba wala mheshimiwa. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe, mgahawa nimeufungua mwenyewe, na leo Wete ukitaja chakula kizuri utanitaja mimi. Nayasema haya mjue kuwa anayewasimulia si mtu wa kulialia. Lakini lipo bakuli moja la kunde nililolibeba tangu nina miaka tisa, nalo limenichosha kuliko sufuria yoyote niliyopata kuiinua.

Kunde zenyewe ni kitu chepesi. Mama alizibandika baada ya sala ya alfajiri kwenye moto wa makumbi, zikatokota polepole mpaka ganda likaachia lenyewe. Halafu alizifikicha kwenye maji, maganda yakaelea, akayamwaga. Zilizobaki aliziponda chunguni kwa mgongo wa upawa, pamoja na thomu, kotimiri nyingi, majani machache ya nanaa na pilipili mbichi moja. Zilipopoa, ndipo alipokamua ndimu na kutia tui zito juu yake. Si mchuzi na si uji. Ni kitu cha kuchovya mkate. Hotelini niliwapikia wageni, wakakipa majina marefu na kukila kwenye visahani kama vya watoto kuchezea. Kwetu zinaitwa kunde za kuponda, na alizianza bibi yangu, mama yake mama.

Huyo bibi ndiye aliyekuwa amewaunganisha watoto wake wawili: mama yangu, na dada yake mkubwa, mama mkubwa Zuwena, aliyeolewa upande wa pili wa kijiji kwenye nyumba yenye bati na sahani za kaure ukutani. Bibi alipofariki, mama, ambaye ndiye aliyemuuguza miezi yote, alimwambia dada yake mbele ya watu matangani, "Wewe umekuja kuonekana tu." Neno hilo moja. Tangu siku hiyo wakawa wakipishana kisimani kama watu wasiojuana.

Ikaja Shaaban, siku za mwisho mwisho, ambapo watu huvunja jungu: hupika, hupelekeana na kuombana radhi kabla ya mwezi mtukufu kuandama. Asubuhi hiyo mama alipika kunde. Alizionja mara tatu, akatia kwenye bakuli la maua ya buluu, akafunika kwa kawa jipya alilolisuka mwenyewe.

"Mpelekee mama mkubwa wako," akaniambia. "Mwambie, mama anakusalimu. Usiseme jengine."

"Nkiulizwa?"

"Hutoulizwa. Yeye akiziona ataelewa."

Mimi sikuelewa. Nilichokiona ni kunde, na njia nzima ilijaa watu waliobeba pilau. Kwenye mikarafuu nikakutana na Mwanakombo, mtoto wa jirani tuliyekuwa tukisoma naye chuo cha Kurani, kabeba sinia kichwani, mdogo wake nyuma.

"Umebeba nini hicho?"

"Biriani," nikasema.

"Biriani hainuki thomu hivyo, yakhe!" Akamwambia mdogo wake amshikie sinia, akalifunua kawa kabla sijarudi nyuma. "Ati kunde! Nyie mwavunja jungu kwa kunde? Na Bi Zuwena na masahani yake yale! Kesho mpelekeeni muhogo mkavu, basi!"

Wakacheka mpaka sinia ikataka kuanguka. Wakaenda zao, na kicheko chao kikabaki kwangu. Nikajiona nimesimama mlangoni kwa mama mkubwa, binti zake wamenizunguka, kawa linafunuliwa tena. Sikuweza. Nikaingia nyuma ya mikarafuu, nikachuchumaa, nikazila kwa vidole. Nilizila zote, bila hamu, kama mtu anayefuta kitu ubaoni. Nikateremka kisimani nikalisugua bakuli kwa mchanga mpaka likang'ara, nikalifunika kawa lake, nikarudi nyumbani najisifu kwa akili yangu.

Mama alikuwa kakaa barazani. Kavaa kanga zake za kutokea, jambo ambalo pia sikulielewa. Akalifunua kawa, akatazama ndani.

"Kasemaje?"

"Kapokea tu."

"Hakukutilia kitu?"

"Hakutia."

"Na bakuli kaliosha yeye?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akaingia ndani. Akazivua zile kanga, akavaa za jikoni.

Kwetu chombo cha mtu hurudi na kitu: machungwa mawili, kipande cha sukari guru, hata konzi ya chumvi. Nilikuwa nikilijua hilo, lakini nilidhani ni adabu za watu wazima, kitu cha kuongezea, mtu akikosa si neno. Sikujua kwamba chombo kinachooshwa na kurudishwa kitupu saa ileile, baina ya watu waliogombana, ni jibu, tena jibu kali. Mimi ndiye niliyelipeleka jibu hilo, kwa niaba ya mtu ambaye hakuulizwa.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Baadaye mama mkubwa alihamia kisiwani Fundo kwa binti yake Asha. Mimi nikakua, nikaenda zangu kutafuta. Nilikuwa bara nilipopigiwa simu kwamba mama mkubwa amefariki, nikaomba ruhusa, nikawahi khitma. Tulikuwa tukiosha vyombo, mimi na Asha, naye akawa anazungumza tu, bila nia yoyote mbaya.

"Mama alikuwa na vituko. Kila Shaaban hukaanga visheti akavitia koponi, tusiviguse. Ukimuuliza, anasema, 'Viacheni. Mdogo wangu akileta bakuli, nitamrudishia na nini?'"

Nikaendelea kuosha sahani ileile. Asha aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Nikarudi bara bila kumwambia mama. Nilipopata diploma sikumwambia, nilipohamia nyumba hii na kumleta akae nami sikumwambia. Kila mwaka ulikuwa na sababu yake nzuri. Sasa mama ni mtu mzima sana, macho yana ukungu, na leo baada ya kuponda zile kunde nilimpelekea na mkate chumbani, nikakaa chini miguuni pake, nikamwambia kila kitu. Nikamwambia na habari ya visheti.

Alitafuna polepole. Nilidhani hakusikia.

"Kwa hiyo Zuwena hakunikataa," akasema.

"Hakukukataa, mama. Hazikumfikia."

Akameza. Akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyepanda mlima.

"Ulikuwa na njaa?"

Alikuwa akinifungulia mlango. Mtoto mwenye njaa hana lawama, na ningesema ndiyo, mambo yangekwisha hapo.

"Sikuwa na njaa, mama. Niliona haya."

Akatikisa kichwa kidogo. Hakunigombeza. Alikuwa amechoka kama mimi, au mimi nimechoka kama yeye, sijui nani kamrithi mwenzake.

Miaka yote nimewaambia watu kwamba kilichonitoa Wambaa ni akili na bidii. Si uongo. Lakini leo nilipotamka neno lile mbele ya mama nililitambua: haya ile ya njiani ndiyo iliyokuwa ikinisukuma kutoka jiko moja hadi jengine, ili asitokee tena mtu wa kufunua nilichobeba akacheka. Nimefika mbali nayo. Aliyelipa ni dada yake mama, kwa visheti vilivyoliwa na mchwa koponi, na mama, aliyeamini miaka yote hii kwamba ndugu yake wa pekee alimmwagia chakula chake.

Mama akaisogeza sahani kando, akaniomba maji ya kutawadha.

"Dua zote nilizomsomea Zuwena nilimsomea na donge kooni," akasema. "Itabidi nianze upya."

Nikamletea maji. Sikumuuliza kama amenisamehe.