Kiwavi Mwenye Pembe wa Bertrams

Mlimau wangu wa Bertrams, mtaa wa jiji la mbali kusini nilikokimbilia, ulikuwa kwenye pipa, uani, nyuma ya chumba nilichoshonea nguo. Mwaka 2017 kipepeo jike mweusi, mwenye mkanda wa kijani-buluu mabawani, aliutagia mayai. Nilimjua. Kwetu, pembezoni mwa msitu nje ya Bukavu, wa aina yake hushuka njiani kunywa maji ya matope. Sijui nani alimwonyesha njia ya jiji hili. Mimi mwenyewe sikuonyeshwa.

Viwavi wake walianza wakifanana na mavi ya ndege, ili ndege wasiwatamani. Walipokua wakawa wa kijani, wanono, wakakaa juu ya majani kama wenye nyumba.

Ijumaa moja ilikuwa zamu yangu kupokea wamama wa maombi. Waliongozwa na Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, ambaye pia alisimamia kwaya. Alipaka mafuta kila mlango, kama ilivyo desturi yetu, akafika hadi kwenye mlimau aupake nao. Kidole chake kikamgusa kiwavi. Kiwavi akachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa kichwani, na harufu kali ikatupiga puani.

"Iko na pembe!" alipiga kelele. "Hii ni bulozi, ni uchawi, mama! Ukate huu muti."

"Ni mududu tu, Mama Pasta. Umemuogopesha, na yeye anakuogopesha."

"Ukate. Bila kuukata, wewe kwaya hauimbe tena."

Kwaya ndiyo iliyokuwa furaha yangu ya wiki nzima. Nililia, sifichi. Lakini hasira ilizidi machozi. Sisi tuliofukuzwa kwetu, tunaoitwa majina ya kejeli kwenye kila foleni, nasi tutafute mgeni wa kumfukuza? Sikuukata.

Ndege na nyigu waliwala viwavi wengine. Mmoja alisalimika, akajifunga kwenye kijiti kwa uzi kiunoni, akageuka mithili ya jani, akalala hivyo baridi yote. Nami kila Jumapili kanisani nilikaa benchi la mwisho nikaimba kwa sauti ya kupasua bati. Watu wakawa wanageuza shingo.

Joto liliporudi, Mama Pasta alikuja kuchukua gauni lake nililomshonea, akamkuta kipepeo mpya ananing'inia mlimauni, anakausha mabawa. Alisogea karibu.

"Ni yule wa pembe?"

"Ni yeye."

"Basi, mama. Urudi kwaya."

Nilimkunjia gauni lake vizuri, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

"Aksanti, Mama Pasta. Nimeshazoea kule nyuma. Nasikikaka muzuri."