Mnanaha wa Uani

Jana, nikipalilia bustani yangu ya Tudor, nilivunja shina la gugu, na harufu yake kali ikanirudisha utotoni, mtaani kwetu Kuze.

Uani kulikuwa kumeota mmea wa maua marefu meupe. Hakuna aliyeujua, lakini bibi, mamake baba, aliupenda, akawa anaumwagilia maji. Mama, aliyeolewa mjini kutoka mashambani, alifikicha jani moja, akalinusa, akashtuka, akamwambia bibi:

"Mama, huu ni mnanaha. Ni sumu. Tuung'oe, mtoto asije akaula."

Bibi alimkazia macho. "Na wewe sumu umezijulia wapi?"

Tangu siku hiyo bibi hakugusa tena chakula alichopika mama. Baba aliyaona yote, asimtetee mama. Kabla ya Ramadhani mama alirudishwa kwao, nami nikabakizwa kwa bibi.