Wembe Haukumgusa Demetria

Miaka michache kabla ya vita vya pili, Mbagala ilikuwa mashamba na vichaka, nyumba zimeachana mbali. Huko ndiko alikokaa Demetria, mjane wa Kimatengo. Alikuja pwani na mumewe, kuli wa bandarini, na alipomzika hakurudi kwao. Wenyeji walimwita mtu wa bara. Aliitika, akaendelea kulima muhogo wake.

Simba walipoanza kuonekana, jumbe alipiga marufuku mwanamke kutoka bila mwanamume wa kumsindikiza. Kwa hiyo asubuhi moja Demetria alishika njia ya sokoni Temeke, pakacha la muhogo kichwani, pamoja na jirani yake Jamali, mwenye panga kiunoni na maneno mengi mdomoni. Njia nzima Jamali alisimulia atakavyomfanya huyo simba wakikutana naye.

Wakakutana naye. Walipokata kona tu, simba jike alikuwa katikati ya njia na wanawe nyuma yake, karibu kiasi cha kumsikia akihema. Jamali, mguu niponye! Panga alilitupa, mwenyewe akaonekana juu ya mkorosho. Demetria naye angekimbia, tusidanganyane, lakini miguu ilikataa. Kilichobaki kufanya kazi ni mdomo. Akamfokea simba kwa Kimatengo, kama anavyomfokea mbuzi aliyeingia jikoni: mama mzima, kwa nini unalaza watoto njiani? Simba akamtazama, akaguna, kisha akawaongoza wanawe vichakani.

Sasa Jamali angewaambia nini watu? Kwamba alikuwa juu ya mti? Akawahi kurudi yeye kwanza.

"Nimemwona kwa macho yangu haya," akasema kwa jumbe. "Kaongea naye kwa lugha yao, na simba kamwitikia!"

Basi yakawa hayo. Kumbe simba wana mwenyewe, na mwenyewe ni yule mtu wa bara. Jioni ile ile mganga alikuwa ameketi uwanjani kwa jumbe na wembe wake, na Somoe, jirani wa Demetria, akichemsha dawa. Demetria akaitwa. Ndiyo ilikuwa desturi: anayeshukiwa uchawi hunyolewa, hunywa dawa, mambo yakaisha. Ila hayaishi. Aliyenyolewa amekwisha kukiri, na kwa kila atakayekufa baada ya hapo ataulizwa yeye.

"Mama, kubali tu yaishe," jumbe alisema. "Ukikataa, itabidi uhame."

"Shikamoo jumbe," alisema Demetria, maana adabu hakuikosa. "Kichwa hiki nilikinyoa nilipofiwa na mume wangu. Kwa maneno ya Jamali sikinyoi. Na sihami. Mume wangu kalala hapa, muhogo wangu uko ardhini. Anayetaka kuninyoa anyanyuke, anishike."

Hakunyanyuka mtu. Waliomwita mwenye simba ndio hao hao walioogopa kumgusa. Mganga akatazama wembe wake, akaomba maji ya kunywa. Demetria akawapa mgongo, akaenda kwake kupika. Kwa hasira akamwaga unga.

Siku zilizofuata hakuna aliyempa salamu, wala hakuna aliyethubutu kwenda sokoni. Mihogo iliyokwisha kung'olewa ikaanza kuharibika majumbani. Kukapambazuka siku moja, Somoe yuko mlangoni kwa Demetria na pakacha lake, na wanawake wengine nyuma yake wamejikusanya.

"Da Demetria," alisema, macho chini, "kama simba ni wako, tupitishe. Na kama si wako, tupitishe vilevile."

Demetria alimtazama Somoe aliyemchemshia dawa. Angeweza kumfukuza. Angeweza pia kusema ndiyo, simba ni wangu, na Mbagala nzima ingemnyenyekea mpaka kufa kwake.

"Si wangu," alisema. "Mie namwogopa kuwashinda nyie, maana mie nimemwona. Haya, jitwisheni."

Akatangulia.